Nalima Ili Waje

Mwezi wa pili, benki ya Ladysmith, nikatia sahihi:
ekari arobaini na moja, Wisconsin ya kaskazini.
Karani akanisomea polepole, kama mtoto wa chekechea:
miti ni yako, mawe ni yako, kinamasi ni chako.
Kulungu si wako. Kulungu ni wa jimbo,
utamwombea kibali kila Novemba, kwa ada.

Basi nimenunua nyumba, wapangaji wamebaki wa mwingine.

Nasema kulungu kwa kukosa jina.
Yule wa Kilosa pembe zake zimesokotwa, mbili tu;
huyu zake zina matawi, na huzidondosha baridi ikizidi.
Kanisani tuliimba ayala bila kumjua ayala.
Sasa namjua kwa kinyesi, punje nyeusi kama buni zilizokaangwa,
na kwa gome la mwerezi alilolikwangua
kama mtu mwenye deni na mti ule.

Jirani, Orrin Vandeleest, fundi wa matrekta mstaafu,
alikuja na chupa yake ya chai akautazama msitu wangu.
"Mzuri," akasema, "kwa kupiga picha."
Miti mirefu imelifungia jua huko juu,
chini hakuna cha kutafuna, hakuna pa kulala.
Akanionyesha: kata nusu. Acha gome lishike upande mmoja.
Mti uiname, ulale, usife,
uchipue ukiwa chini, usawa wa mdomo.
Mimi, muuguzi wa zamu ya usiku,
miaka ishirini na mbili nikizuia watu wasivuje,
nikawasha msumeno wa injini
nikajifunza kujeruhi kwa kipimo.

Mama alikaa ulingoni tangu mahindi yabebe hadi yakauke,
debe bovu mkono huu, kombeo mkono ule,
akiwatukana ngedere kwa majina ya mawifi zake.
Nguruwe wakija usiku tulipiga yowe mpaka koo likachanika.
Angeniona!
Nimemwaga chokaa magunia kumi na nane,
nimetuma udongo maabara kwa posta,
nimepanda klova palipokuwa na rundo la magogo.
Nimejenga ulingo, futi kumi na mbili, bati juu,
nami nimo humo, kimya, nimebana kikohozi,
nawaomba waje wale.

Chausiku anapiga simu kutoka Milwaukee:
"Mama, nyama si ipo dukani?"
Ipo. Bei nimeiona.

Kamera niliyoifunga kwenye mwaloni
imeleta picha mia sita: kindi, kindi, mbwa wa Orrin,
mbili za makalio yangu nikipalilia,
na moja, saa tisa na dakika kumi usiku,
dume la pembe nane limeikazia macho lenzi
kama mtu wa halmashauri aliyekuja bila taarifa.
Nikamwita Mkaguzi.

Jumamosi ya msimu, nyuzi kumi na moja chini ya sifuri.
Vidole vya miguu vilikufa kimoja kimoja, nikavihesabu.
Saa mbili na robo, mlio. Mmoja tu.
Ng'ambo ya mstari mwekundu nilioupaka mwenyewe,
mti kwa mti, wiki nzima ya Aprili.

Alasiri Orrin mlangoni, kofia mkononi,
paja zima ndani ya mfuko wa takataka.
"Nimempasua," akasema. "Tumbo limejaa klova."
Akakuna shingo. "Mimi sina klova."

Nikamwambia avue viatu.
Nilikata vipande vidogo, tangawizi, ndimu, pilipili mbuzi moja
ambayo nilimwonya, na hakusikia.
Aliongeza mara tatu huku machozi yakimtoka.
Kisha akauliza, kana kwamba ni jambo la hali ya hewa,
chokaa ninanunua wapi.

Leo Jumatatu. Nimetoka zamu, sijalala.
Upande wa kusini bado kuna kiza, nitaanza na mipopla.
Nimepitia kamera kwanza.
Jana, saa tisa na dakika kumi:
pembe nane, theluji mgongoni,
anatafuna,
ananitazama.